Mchezo Usio na Mshindi: Somo Fupi Kuhusu Mbinu Rejeshi

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike makala ya somo, bila shaka alitarajia nieleze ngeli, au nichambue shairi kama alivyofanya mwenzangu mwaka jana. Mimi nimekuja na mchezo wa tarakilishi. Najua kuna watakaoguna, na wengine watasema nimepata njia ya kuhalalisha uvivu wangu wa likizo. Naomba mnivumilie. Mchezo wenyewe si ule mnaoufikiria, na somo langu ni la fasihi tupu.

Nianze na aibu yangu. Muhula wa kwanza, katika karatasi ya fasihi, tuliulizwa tueleze mbinu rejeshi na umuhimu wake. Nikaandika kwa kujiamini kwamba mbinu rejeshi ni pale ambapo msimulizi anarudi nyuma na kusimulia mambo yaliyotokea awali. Nikapigia mstari kwa rula. Karatasi iliporudi nilikuwa nimepata alama moja kati ya nne, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Anarudi kufanya nini?" Basi, hakuna zaidi. Nilinuna siku mbili nzima. Mimi nilidhani kurudi ni kurudi tu, kama makanga aliyesahau abiria stejini. Lakini swali hilo lilinikaa kichwani hadi likizo ya Agosti, na jibu nikalipata mahali ambapo sikuwa nikilitafuta.

Sasa tuje kwenye michezo. Wengi wetu tukisema tunacheza gemu tunamaanisha mambo mawili. Kuna ile ya kandanda, ambayo pale mjini unalipa shilingi zako, unakalia benchi, unashika kidude cha PlayStation na kufungwa mabao sita na mtoto wa darasa la tano huku umati ukikuzomea. Halafu kuna ile ya bunduki, ambayo ukizubaa kidogo umekwisha. Zote mbili zina saa, zina alama, zina mshindi na mshinde. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Lakini iko jamii ya tatu ambayo kwetu haina umaarufu, nayo ni michezo ya kusimulia. Humo hamna wa kumshinda. Mchezaji anatembea, anatazama, anafungua droo, anasoma barua, anazungumza na watu, na hadithi inajifunua kidogo kidogo kadiri anavyopekua. Ukiitwa kuteka maji unaenda, na ukirudi unakuta mchezo unakungoja pale pale. Haukuadhibu.

Uko mmoja uitwao Firewatch, uliotolewa mwaka wa 2016. Mchezaji anakuwa mwanamume anayelinda msitu wa Shoshone kule Wyoming, Marekani, usishike moto, mwaka wa 1989. Kazi yake kubwa ni kutembea na kuongea kwa redio ya mkononi na msimamizi wake, mwanamke ambaye uso wake hatuuoni hata mara moja. Kilichompeleka kule porini si moto. Ni mkewe, ambaye ameshikwa na maradhi ya kusahau angali na umri mdogo, na mume ameshindwa kuyakabili. Si mnaona? Hiyo ni riwaya, isipokuwa miguu inayotembea ni yako wewe msomaji.

Mwingine, ambao ningependa kila mwanachama mwenye dada mwenye simu aujaribu, ni Florence. Ulitengenezwa Melbourne, Australia, ukatolewa mwaka wa 2018, nao unachezwa kwenye rununu (neno hili nimelilazimishwa na mwalimu, sisi nyumbani husema simu). Haumalizi hata saa moja. Florence ni msichana wa miaka 25 anayefanya kazi ya kulinganisha tarakimu ofisini. Anakutana na kijana mwanamuziki, Krish, wanapendana, wanaishi pamoja, wanaachana. Kisa cha kawaida kabisa. Ajabu yake ni namna kinavyosimuliwa. Wawili hao wanapoanza kuzungumza, mchezaji anapewa vipande vya kuunganisha mfano wa fumbo la picha, na kila akikamilisha, Florence anakuwa amesema neno. Siku ya kwanza vipande ni vingi na kuvipanga kunachukua muda, jinsi ulimi unavyokuwa mzito mbele ya mtu usiyemjua. Wanavyozoeana, vipande vinapungua hadi kinabaki kimoja tu. Halafu siku moja wanagombana. Vipande sasa vina ncha kali, na unajikuta unavipachika mbio mbio ili usishindwe na mwenzako. Maneno yenyewe ya ugomvi hayaandikwi popote, lakini unayasikia.

Dada yangu alipofika kwenye ugomvi huo alivipachika upesi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kisha akanirudishia simu akasema, "Nimemshinda, lakini najisikia vibaya." Mwalimu wetu hutwambia kila mara kwamba fani hubeba maudhui. Mimi nilikuwa naikariri sentensi hiyo kama kasuku. Siku ile niliiona kwenye uso wa dada yangu.

Naam, sasa nikiingie kiini cha somo. Mchezo ninaotaka kuuchambua unaitwa To the Moon, yaani safari ya kwenda mwezini. Mtunzi wake ni Kan Gao wa Kanada, ambaye aliutoa mwaka wa 2011 chini ya kampuni yake ndogo, Freebird Games, na sehemu kubwa ya muziki wake akaitunga mwenyewe. Nilikutana nao nyumbani kwa babu, Makueni, ambako tulikwenda likizo kusaidia kuvuna mbaazi. Binamu yangu anayesoma chuo huko Nairobi alikuja na tarakilishi yake, kuukuu ajabu, ambayo betri yake ilikufa zamani, kiasi kwamba ukiichomoa ukutani inazima papo hapo. Kandanda za siku hizi haiziwezi. To the Moon iliuweza, kwa sababu picha zake ni za miraba miraba na watu wake ni wadogo kama punje za mahindi, mfano wa michezo ya miaka ya 1990.

Binamu mwenyewe aliucheza usiku mmoja akaumaliza. Asubuhi nilimuuliza unahusu nini. Akajikuna kichwa. "Kuna mzee anakufa, halafu kuna sungura. Mimi nilikuwa nabonyeza tu maneno yapite nione mchezo unaanza lini." Maskini! Alikuwa akiusubiri mchezo uanze, nao umeshakwisha. Mimi niliucheza jioni tisa, ingawa ni mchezo wa saa nne hivi, na hapa natoa ushauri wangu kwa anayetaka kujaribu. Usibonyeze kabla hujasoma. Ukiingia chumba kipya, kizunguke chote kwanza kabla ya kuufuata mlango, kama unavyotazama picha ukutani ukiingia nyumba ya watu. Ukifika mahali pa kukuchoma moyo, funga mashine ukalale. Kesho utaona ulichokuwa umekiruka. Na kama unaweza, usicheze peke yako.

Hilo la mwisho sikulipanga. Ndugu yangu mdogo alitaka kujua ninachosoma, na mchezo huu, kama karibu yote ya namna hii, umeandikwa kwa Kiingereza. Basi nikawa nasoma na kutafsiri kwa sauti. Nyanya, aliyekuwa akichambua mbaazi kwenye ungo, akasema nisiseme Kiswahili cha shule, niseme na Kikamba naye asikie. Kufikia jioni ya tatu nilikuwa fanani kamili, na nina hadhira ya watu wawili, mmoja wao mkali. Stima ilipotea jioni moja kabla sijahifadhi mchezo, tukapoteza kazi ya nusu saa. Nilipotaka kuruka sehemu ile iliyopotea, nyanya akakataa. Alitaka isimuliwe tena, tena gizani, na pale nilipokosea alinirekebisha. Tunaambiwa katika fasihi simulizi kwamba hadhira hushiriki. Mimi naongeza kwamba hadhira hukumbuka kuliko fanani.

(Nigeuke pembeni kidogo. Kuhusu lugha, tusife moyo. Mwaka wa 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, ambao unaweza kuusikiliza kwa sauti za Kiswahili. Kiongozi wa kazi hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeutunga kutokana na msiba wa baba yake. Una mapigano mengi na unahitaji mashine yenye nguvu, kwa hivyo sijaucheza. Lakini upo.)

Anayetaka kuucheza To the Moon bila kuujua mwisho na aruke aya nne zinazofuata. Mimi siwezi kufundisha mbinu rejeshi bila kufichua.

Mzee Johnny yu kitandani anakata roho. Usiku, madaktari wawili, Eva Rosalene na Neil Watts, wanafika nyumbani kwake wakiwa na mashine ya kuingia katika kumbukumbu za mtu. Kazi yao ni kumpa aliye mahututi kumbukumbu mpya, ili afariki akiamini kwamba alitimiza ndoto yake. Ndoto ya Johnny ni kwenda mwezini. Wanamuuliza kwa nini. Hajui! Anataka tu. Ili waipande ndoto hiyo ni lazima waufikie utoto wake, na hakuna njia ya mkato: wanaanza na kumbukumbu za uzeeni na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Katika kila kumbukumbu mchezaji anatafuta vitu ambavyo Johnny alivithamini, mwavuli, mkoba, mwanasesere wa mnyama mwenye mdomo wa bata, na kitu kimoja ndicho kinachofungua mlango wa kumbukumbu iliyotangulia.

Kwa hivyo mkewe, River, tunamkuta kwanza kaburini, karibu na mnara wa taa juu ya jabali la bahari. Kisha tunamkuta mgonjwa. Kisha mzima. River ana hali tunayoiita usonji; maneno hayamtoki kama yanavyowatoka watu wengine. Naye ana tabia moja: anakunja sungura wa karatasi. Wamejaa nyumbani. Kuna mmoja wa rangi mbili, samawati na manjano, ambaye anamwonyesha mumewe na kumwomba aeleze anachokiona. Johnny anasema ni sungura wa rangi hii na hii. River anamuuliza, na nini kingine? Johnny hana kingine. Nami nakiri kwamba sungura hao walinichosha. Nilibonyeza kama binamu. Nilijiambia ni ugonjwa tu, twende mbele. Nyanya peke yake ndiye aliyegoma. "Huyo bwana ana nini? Mke anamwonyesha kitu kimoja siku zote, naye hamuulizi kwa nini?"

Mwishoni kabisa, yaani mwanzoni kabisa, tunaufikia usiku mmoja wa utotoni. Watoto wawili wasiojuana wametoroka kelele za maonyesho, wamekaa kimya wakitazama nyota. Wanaziunganisha kwa macho na kupata sungura, na mwezi ndio tumbo lake. Wanaagana kukutana tena mwaka ujao. Na mmoja akisahau, au akipotea? Basi watakutana mwezini. Baadaye ndugu pacha wa Johnny anagongwa na gari la mama yao na kufa, na mtoto anapewa dawa zinazomfutia kumbukumbu za wakati ule, pamoja na usiku wa nyota. Miaka ikapita, akamwona River shuleni, akampenda kama mtu mpya. River yeye hakusahau hata siku moja. Alipotambua kwamba mumewe hakumbuki walivyokutana, hakumlaumu wala kumwambia. Alianza kukunja sungura. Tumbo la manjano, mwili wa samawati: mwezi na anga la usiku. Maisha yake yote alikuwa akimuuliza swali moja, naye Johnny akijibu rangi.

Nyanya aliweka ungo chini. Ndugu yangu aliuliza kama tunaweza kurudi kule mwanzo wa mchezo tuwatazame tena wale sungura. Nikarudi. Walikuwa wale wale, hakuna kilichoongezwa, na hakuna aliyeweza kuwatazama kama mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile swali la wino mwekundu. Anarudi kufanya nini? Tufanye zoezi dogo. Kichukue kisa hiki ukisimulie kwa mpangilio wa kawaida: watoto wanakutana, mmoja anasahau, wanaoana, mke anakunja sungura. Kisa kinabaki cha kuhuzunisha, lakini msomaji anawaelewa sungura tangu wa kwanza, na anakaa upande wa River muda wote akijiona mwema. Kikisimuliwa kinyumenyume, msomaji anaonyeshwa kitendo kabla ya kupewa sababu yake. Anakihukumu. Anachoka nacho. Halafu sababu inafika, na kinachobadilika si kitendo bali ni hukumu yake. Kwa hivyo msimulizi harudi nyuma kutujazia habari zilizopungua. Anarudi kukipa maana nyingine kitu ambacho tayari tumekiona. Katika kitabu nimeyakuta hayo mara nyingi bila kuyatambua. Katika mchezo niliyatambua kwa sababu kidole kilichombonyeza River apite kilikuwa changu, na nyanya alikuwa shahidi.

Andika hivyo kwenye mtihani, utoe mfano kutoka kitabu kilichotahiniwa (usitaje mchezo wa video, nakuomba!), nadhani hutapata alama moja. Mimi muhula wa pili nilikuwa bado sijajua haya. Muhula wa tatu tuliulizwa tena, nikapata tatu na nusu. Ile nusu bado naidai.

Makala yangu yangeishia hapo, lakini mwalimu mlezi wa chama amenishauri niandike na hili jingine, kwa sababu ndilo lililonifanya nimwendee ofisini baada ya likizo. Nimewaomba ruhusa wazazi wangu na nyanya.

Babu yangu anasahau. Yapata miaka mitatu sasa kumbukumbu zake zinamtoka, na ananiita kwa jina la baba. Kila jioni, giza likiingia, anauliza, "Mmefunga zizi?" Sisi hatuna zizi. Mbuzi wa mwisho aliuzwa nikiwa darasa la nne, na pale lilipokuwa zizi pana migomba. Sote tumezoea kumjibu, "Ndiyo, babu, tumefunga," naye hunyamaza kwa muda, kisha huuliza tena. Katika zile jioni tisa za mchezo alikuwa amekaa nasi kwenye kiti chake, na aliuliza kila jioni, na kila jioni nilimjibu ndiyo bila kuinua macho kwenye kiwambo.

Jioni ya kumi mchezo ulikuwa umekwisha. Babu akauliza. Nilifungua kinywa niseme ndiyo, kikakwama. Nikamwona River na karatasi yake mkononi. Nikasema, "Zizi lipi, babu?"

Alinigeukia kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "La chini. La pale mkuyuni." Halafu akataja jina. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jina ambalo sijapata kulisikia katika jamaa yetu. "Nilimwambia afunge," babu akasema. "Fisi wamekula saba."

Ndugu yangu alitaka kucheka. Nilipomtazama nyanya, mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya mbaazi.

Alinieleza asubuhi, jikoni, tukiwa wawili. Ilikuwa mwaka wa 1984, ule wa kiangazi kikubwa. Babu alikuwa na mbuzi arobaini, wakabaki kumi na mmoja. Maji yalikuwa mbali, naye alikuwa akiondoka usiku kuyafuata. Kazi ya kufunga zizi alimwachia mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitatu. Usiku mmoja kijana alilala na njaa, akasahau. Fisi waliingia. Babu aliporudi na kuona, alimpiga. Nyanya hakueleza alivyompiga. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu. Kuna aliyesema alimwona Mtito Andei, akiwa juu ya lori la kwenda Mombasa. Barua moja ilifika mwaka wa 1991, isiyo na anwani ya kujibia. Tangu hapo, kimya.

"Babu yako hakulitaja zizi lile miaka yote hiyo," nyanya alisema. "Hata barua hakutaka isomwe mara ya pili. Ni baada ya kichwa kuanza kusahau ndipo hilo lilipotoka."

Baba naye nilimuuliza kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani mkopo wa simu umeisha, kisha akaniambia kwamba huyo ni kaka yake, na kwamba yeye alikuwa na miaka minane na alisikia kila kitu kupitia ukutani.

Mnakumbuka kwamba wale madaktari katika mchezo kazi yao ni kumpa mtu kumbukumbu ambayo si ya kweli, ili afe na amani. Eva na Neil wanabishana vikali juu ya hilo, kwa maana ili kumpeleka Johnny mwezini, Eva anamwondoa River katika kumbukumbu zake za ujana, na Neil anaona huo ni wizi. Sisi nasi tulibishana, mimi na ndugu yangu, usiku tukiwa kitandani. Yeye alisema tumwambie babu kwamba yule kijana amefunga zizi, ni maneno tu, yatamgharimu nani? Mimi nilisema hapana. Nilisema huko ni kumnyang'anya babu jambo lake, na kumnyang'anya baba mkubwa wetu popote alipo, kwa kuwa ni kana kwamba usiku ule haukuwahi kuwako. Tulirushiana maneno hadi nyanya akagonga ukuta. Hata leo sijui nani kati yetu alikuwa na haki, na nimempelekea mwalimu swali hilo, naye amenirudishia.

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi shuleni tulikaa kama kawaida. Tarakilishi ilikuwa imeshaondoka na binamu. Babu akauliza, "Mmefunga zizi?"

Nilimtazama ndugu yangu, naye akanitazama. Hakuna aliyejibu. Nyanya hakuinua kichwa. Aliendelea kupepeta, na kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu chakula kiko tayari, akalitaja lile jina.

"Amefunga, mzee. Amefunga vizuri, ameingia kulala."

Babu alikaa kimya. Tulingoja aulize tena, maana ndiyo desturi yake. Alipouliza, hakuuliza habari za zizi.

"Amekula?"

"Amekula," nyanya akasema.